Mama Anaposahau: Tuongee Naye Namna Gani?



Somo letu safari hii limetoka kwa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Shinyalu. Mweka hazina wao wa zamani, mama wa miaka sabini na kitu, alisimama mkutanoni akadai zamu yake ya merigoraundi imerukwa. Kitabu kilionyesha alipokea pesa wiki mbili nyuma, na alama ya kidole ni yake. Alipoonyeshwa, akasema kitabu kimeandikwa uongo. Mwezi uliofuata akadai tena. Wengine wakasema ati ana tamaa, afukuzwe. Na kwa vile alikuwa ameonekana barabarani usiku mara mbili, kukawa na mnong'ono mbaya zaidi: omulosi.

Tulipofika kwake, mke wa mwanawe alitueleza mengine. Mama anasahau sufuria motoni. Anauliza jambo moja mara kumi. Anamngoja mume wake aliyezikwa zamani. Tukashauri apelekwe hospitali, kwa maana si kila kuchanganyikiwa ni ugonjwa mmoja. Malaria, maambukizo ya mkojo au hata dawa fulani zaweza kumchanganya mzee, hasa kukitokea ghafla, na hayo hutibika. Kwake ilionekana ni dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole. Aina inayojulikana zaidi ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu milioni 57 walikuwa na dimenshia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Dawa ya kuiponya haijapatikana.

Kwa nini tunalileta kwa vikundi? Kumbukeni Oktoba 2021, kule Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa kushukiwa uchawi tu. Mzee anayetangatanga usiku na hawezi kujieleza yuko katika hatari hiyo hiyo. Namna tunavyoongea naye mbele ya majirani yaweza kumlinda au kumwangamiza.

Sisi wenyewe tulianza vibaya. Tulimwuliza, "Mama, unatukumbuka?" Akacheka, akasema, "Karibuni, mmepotea sana!" Kisha akainama, hakusema tena. Tulikuwa tumempa mtihani na yeye alijua ameanguka. Sasa tunaanza kwa kujitaja: "Mulembe mama, ni sisi wa kanisani, tumekuja kukuamkia." Tunamjia kutoka mbele, tunaketi chini kama alivyoketi, redio imezimwa. Neno moja kwa wakati mmoja, halafu kungoja. Kungoja ndiko kugumu! Badala ya "Utakula nini?" sema "Chai au uji?" huku umeshika kikombe aone. Kama Kiswahili kinampotea, rudini kwa lugha aliyonyonya. Wajukuu kutoka Nairobi nao wajifunze maneno mawili matatu.

Gumu kuliko yote ni lile la mume. Kila alipouliza, aliambiwa, "Mama, si mzee alikufa!" Naye akapiga mayowe kama siku ya kwanza, majirani wakaja mbio. Kwake ilikuwa siku ya kwanza kweli. Mke wa mwana akauliza, je, nidanganye? Hapana, hatukumwambia adanganye. Tulimwambia aache kubishana, aulize juu ya mzee. Siku nyingine mama alipouliza, akamjibu, "Unamkosa mzee. Alikuwa mtu wa namna gani?" Mama akasimulia juu ya fahali wa mzee na jinsi alivyopigana Khayega, mpaka giza likaingia na kilio hakikuja. Mambo ya juzi hutangulia kupotea. Ya zamani hukawia.

Akisema ameibiwa pesa, usijitetee. Sema, "Hiyo ni shida, tutafute pamoja." Mara nyingi amezificha mwenyewe kwenye kitambaa. Jioni ndipo wengi huhangaika. Washeni taa mapema, mtu akae naye karibu.

Kikundi kile hakikumfukuza. Pesa yake sasa hupokelewa mbele ya mke wa mwanawe na mashahidi wawili, na akidai tena, mwenyekiti humwambia, "Tumesikia mama, tutaangalia," mkutano unaendelea. Hupewa maharagwe ayachambue, na mikono yake haijasahau. Kila Alhamisi mwanachama mmoja hushinda naye ili mke wa mwana aende sokoni au alale tu. Huyu naye huchoka, hukasirika, tena hulia. Msimsahau.

Zoezi la mkutano ujao: Wawili waigize. Mmoja ni mama anayedai ameibiwa, mwingine ni binti yake. Mara ya kwanza binti abishane, mara ya pili wasibishane. Mwulizeni aliyeigiza mama alijisikiaje kila mara.

Kisha jadilianeni:
Katika kijiji chetu, ni mzee gani tumeacha kumsalimia kwa sababu ya maneno ya watu?
Nani ataenda kwake wiki hii, na siku gani?