SOMO: LIKENI, SALAMANDA NA MWENZAO MMOJA

Katika somo hili tutalinganisha viumbe viwili ambavyo havifanani hata kidogo. Lakini vyote viwili vimeingia ushirika na mwani, yaani vile vijimea vidogo sana vya kijani vipendavyo unyevu.

1. Likeni
Wengi wetu tumeiona. Aina moja, Usnea, huning'inia kama ndevu za kijivu kwenye miti ya msitu wa Mlima Kenya. Watu husema ati inanyonya mti. Sivyo! Haina mizizi, imejishikilia tu kwenye gome. Ndani yake mna kuvu na mwani. Kuvu hujenga nyumba na kutunza unyevu. Mwani hutumia jua kutengeneza sukari, na kuvu hula humo humo. Mswisi Simon Schwendener alipoeleza jambo hili miaka ya 1860, wataalamu wengi walimpinga. Yeye mwenyewe alimwita kuvu bwana, na mwani mtumwa.

2. Salamanda wa madoa ya njano
Huyu kwetu hayuko. Anaishi mashariki mwa Marekani na Kanada. Ana umbo la mjusi, lakini ni jamaa ya chura. Hutaga mayai kwenye vidimbwi, yakiwa yameshikana kwa ute mzito, na hewa hupenya kwa shida. Mwani huingia katika mayai hayo, ukawapa watoto oksijeni. Nao hutumia taka zao kama vile mahindi yatumiavyo mbolea. Mwaka 2011 wachunguzi walitangaza kwamba mwani mwingine huingia hadi ndani ya chembe za mwili wa mtoto. Mwaka 2017 ikaonekana kuwa mwani huo wa ndani una dalili za taabu, hali salamanda hana.

3. Tofauti yao
Ushirika wa likeni ni wa maisha; wa mayai ni wa msimu. Katika likeni, kuvu hawezi kuishi vizuri peke yake. Salamanda anaweza kuanguliwa bila mwani, ila kwa shida zaidi.

4. Tunajifunza nini?
Kukaa pamoja si lazima kuwe kugawana sawa. Hebu tuulize mapema, kabla mwenzetu hajachoka.

Maswali ya kikundi
(a) Kila mwanachama wetu analeta nini, na anapata nini?
(b) Ni nani kati yetu anayefanya kazi ya mwani?
(c) Ushirika wetu ni wa msimu au wa kudumu? Je, wote tunajua hivyo?