Kabla Paka Wako Hajachomwa Sindano

Paka wengi wa mitaani kwetu humwona daktari wa mifugo siku wanapoumwa, na siku hiyo chanjo huwa imeshachelewa. Wachache wanaoletwa mapema huchomwa, kadi ikagongwa muhuri, na mwenye paka akarudi nyumbani hajui kilichokuwa ndani ya bomba. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa mara nyingi, kila moja na jibu lake.

Shikamoo daktari. Paka wangu hatoki nje, tunaishi ghorofa ya nne. Chanjo ya nini?

Marahaba. Paka hatoki, lakini wewe unatoka. Panlukopenia, ugonjwa unaofagia watoto wa paka, huletwa na kirusi sugu kinachoweza kukaa mahali hata mwaka mzima. Huingia ndani kwa soli ya kiatu, kwa kikapu cha kuazima, au kwa kipaka ulichokiokota sokoni kwa huruma. Hushambulia utumbo na uboho wa mifupa: paka anatapika, anaharisha, chembe nyeupe za damu zinamwishia, na aliye mchanga anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Chanjo yake kwa kawaida huja pamoja na ya virusi viwili vya mafua ya paka, vile vinavyoleta chafya, matongotongo na vidonda vya ulimi. Ya mafua haizuii maambukizi kabisa, ila hupunguza makali. Chanjo hii ya magonjwa matatu ni ya kila paka, awe wa ghorofani au wa uani.

Kichaa cha mbwa nacho kinamhusu paka?

Jina ndilo linalotupoteza. Mbwa ndiye chanzo cha hadi asilimia 99 ya vifo vya binadamu kwa ugonjwa huu, lakini kirusi chake humpata mnyama yeyote anayenyonyesha, na paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa anaweza kukileta hadi kitandani kwako. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Chanjo nyingine tutajadiliana. Hii, kwa nchi zetu, hapana. Dozi ya kwanza hutolewa kuanzia wiki 12, ya pili baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kila miaka 3 kutegemea aina ya chanjo na sheria ya mahali ulipo.

Na ukiumwa au ukikwaruzwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni la kucha tu.

Mtoto wa paka kuchomwa mara tatu! Mbona naona ni biashara?

Lawama nimeipokea, ila sikiliza habari ya dang'a. Maziwa yale ya kwanza ya mama humpa mtoto kingamwili, na kingamwili hizo hizo huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Kwa mtoto mmoja zinaisha akiwa na wiki 8, kwa ndugu yake wa tumbo moja zinafika hata wiki 16, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana tunaanza kati ya wiki 6 na 8, tunarudia kila baada ya wiki 3 au 4, na hatuachi kabla hajatimiza wiki 16. Kisha kuna ya kukazia akifikisha miezi 6 au mwaka. Ukiishia ya pili, huenda umelipa mara mbili na paka bado hana kinga.

Baada ya hapo ni kila mwaka?

Hapa ndipo mimi na wewe tunapohitaji kuzungumza. Kinga ya panlukopenia hudumu miaka 3 au zaidi. Ya mafua hupungua mapema. Kwa hiyo mwongozo wa chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, unasema paka mzima anayeishi ndani peke yake inatosha arudiwe chanjo ya magonjwa matatu kila miaka 3. Anayechanganyika na wenzake, au anayeachwa kwenye malazi ya wanyama ukisafiri, achomwe ya mafua kila mwaka. Lakini kumpima kuwe kila mwaka, chanjo iwepo isiwepo, maana meno na figo havina sindano.

Wangu ni shume. Halali ndani, na asubuhi anarudi na masikio yaliyoraruka.

Huyo tumfikirie lukemia ya paka, inayoenea kwa mate: kulambana, kula sahani moja, kuumana. Chanjo ipo, na inawafaa zaidi paka wachanga na wanaozurura. Kwanza apimwe damu, kwa sababu aliyekwisha kuambukizwa haimsaidii. Pia mhasi. Ugomvi ukipungua, na mengine yanayoambukizwa kwa meno yanapungua.

Nimesikia chanjo huleta saratani.

Umesikia kweli, na ni nadra sana. Madaktari wa Marekani waliliripoti jambo hili mwaka 1991, na makadirio mengi ni paka mmoja kwa kila 10,000 au pungufu ya hapo. Ndiyo sababu siku hizi tunachoma chini mguuni badala ya katikati ya mabega: mguu unaweza kukatwa paka akaishi. Kivimbe kidogo baada ya sindano ni kawaida. Mlete kikiwa bado kipo baada ya miezi 3, kikizidi sentimita 2, au kikiendelea kukua mwezi mmoja baada ya chanjo.

Yaliyo ya kawaida ni uchovu na kukosa hamu ya kula kwa siku moja au mbili. Uso ukivimba, akitapika mfululizo au akihema kwa shida, rudi papo hapo. Na usimpe Panadol wala dawa yoyote yenye parasetamoli. Nusu kidonge inaweza kumuua.

Nitajuaje kama chanjo yenyewe ni nzima?

Omba kuiona. Chanjo hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi joto 2 na 8, na iliyosafiri mfukoni juani ni maji tu. Ile ya magonjwa matatu aghalabu huwa chupa mbili ndogo: moja ina unga mkavu ulioganda chini, nyingine maji. Zichanganywe mbele yako na zitumike muda huo huo. Karatasi ya chupa, yenye jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, ibandikwe kwenye kadi. Muhuri peke yake haukwambii paka amechomwa nini.

Basi siku ya kuja nije na nini?

Njoo na kadi, na ukweli wote: umri wake, kama anatoka, anaishi na paka wangapi, kama ana mimba, kama anaharisha, kama aliwahi kuvimba baada ya sindano. Mwenye mimba hapewi chanjo yenye virusi hai, na mwenye homa husubiri apone. Kisha niulize: hii ni ya ugonjwa gani, kwa nini yeye, na narudi lini? Daktari akishindwa kukujibu hayo matatu, mzuie kabla hajachoma.