Dada, Mume Wangu Asema Hayo ni Mambo ya Wazungu

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Ohio, barua yako nimeisoma nikakaa nayo. Shemeji anaendesha lori, akirudi nyumbani hali, mgongo unamuuma, kitu kidogo amefoka. Juzi amesema nyumba hii ingekuwa na nafuu bila yeye. Ulipomwambia aende kwa mtaalamu wa afya ya akili, akakujibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Unaniuliza ufanyeje na ukaidi wake.

Tuanze na lile neno lake, maana halingoji. Leo hii watoto wakishalala, kaa naye umuulize waziwazi: “Mume wangu, unawaza kujiua?” Ukimuuliza kama yuko sawa, atakujibu yuko sawa. Najua unaogopa kumtia wazo kichwani. Watafiti wamelichunguza hilo kwa miaka mingi na hawakuona kwamba swali linamletea mtu wazo la kujiua. Wengi hupata ahueni kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akisema ndiyo, usimkemee wala usimsute kwa dhambi. Msikilize, kisha umuulize kama ameshafikiria atafanyaje. Zaidi ya nusu ya vifo vya kujiua Marekani ni vya bunduki, kwa hiyo kama ipo nyumbani au kwenye lori, isikae karibu naye kipindi hiki. Wengi huokoka kwa sababu tu zile saa mbaya zilipita bila wao kuwa na silaha mkononi.

Sasa huo unaouita ukaidi. Shemeji alipotua Marekani, hakuna aliyejali kama kwao ni Kigoma au Bukavu. Polisi, mwajiri na daktari humwona mwanamume Mweusi, na wanaume Weusi wa nchi ile wana historia ndefu na hospitali. Mwaka 1851 daktari wa Louisiana, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, serikali iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 400 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Na mambo hayakuishia huko. Hadi leo Mweusi mwenye sonona ana uwezekano mkubwa kuliko Mzungu wa kuandikiwa kwamba ana skizofrenia, akapewa dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Mwaka 2020, Daniel Prude kule Rochester na Walter Wallace Jr. kule Philadelphia walichanganyikiwa, familia zao zikapiga simu kuomba msaada. Polisi wakaja, na wote wawili wakafa. Mwanamume anayezijua habari hizi ana haki ya kusita, na mimi simlaumu.

Kwa hiyo kazi yako, mdogo wangu, ni kumtafutia msaada unaostahili imani yake.

Kuna jaribio lililofanyika Oakland, California, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Wanaume Weusi, wakiwemo waliopatikana kwenye maduka ya vinyozi, walipangiwa kwa bahati nasibu daktari Mweusi au asiye Mweusi. Waliokaa na daktari Mweusi walikubali vipimo vingi zaidi, hata vya kutoa damu, baada ya kuzungumza naye tu. Hapo utaona kwamba wanaume hawa hawakatai tiba. Tatizo ni kwamba mwaka 2015 wanasaikolojia Weusi walikuwa kama asilimia 4 tu ya wanasaikolojia wote nchini humo. Anza na mashirika kama Black Men Heal, lililoanzishwa Philadelphia na ambalo huwapa wanaume Weusi vikao bila malipo.

Ukikosa Mweusi, usikate tamaa, ila mhoji huyo mtaalamu kabla shemeji hajakanyaga ofisini kwake. Muulize amewahudumia wanaume Weusi na wahamiaji wangapi. Muulize hivi: mgonjwa akikwambia polisi humsimamisha barabarani kila mara na kazini humwangalia kama mwizi, wewe utaandika nini kwenye faili? Anayejua kazi yake atakwambia kwamba atataka kusikia zaidi, maana hayo ni maisha yenyewe. Anayeharakisha kuiita hali hiyo dalili ya ugonjwa, achana naye. Muulize pia huitambuaje sonona kwa mwanamume asiyelia. Kwa wanaume wetu huzuni huja kama hasira, kama mgongo, kama kupokea safari za lori mfululizo ili asikae nyumbani, na daktari anayesubiri machozi atampa vidonge vya maumivu na kumrudisha kwako.

Kiingereza kikimkwamisha, dai mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinawajibika kumsaidia mgonjwa kwa lugha yake. Mtoto wenu asitafsiri maneno kama haya, tafadhali. Na kama shemeji anaogopa kwamba mkalimani ni mtu wa kanisani kwenu au jirani, ombeni wa simu, aliye jimbo lingine.

Nawajua ninyi mliokulia kwetu: kuna hofu nyingine hamuisemi, ya sheria. Sheria tulizorithi kwa Waingereza zilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Tanzania bado kipo. Huko mliko, mtu hafungwi kwa kusema anataka kufa. Mwambie hivyo kwa sauti, huenda ndicho kinachomziba mdomo.

Usiku ukiwa mbaya, pigeni 988, namba ya msaada kwa wanaowaza kujiua. Namba hiyo ilianza Julai 2022, ni ya bure saa zote, si lazima kutaja jina, na anayepiga simu anaweza kuomba mkalimani. Sema tu “Swahili”. Simu zinazoishia kwa kutumiwa polisi au gari la wagonjwa ni chache sana. Ila akiwa tayari ameshika silaha au ameshajiumiza, piga namba ya dharura, 911, bila kusita, useme mapema kwamba ni mgonjwa wa akili na uombe afisa aliyefunzwa kwa dharura za namna hiyo. Usimwache peke yake.

Mtaalamu mtakayempata, mwombeni amwandikie mpango wa usalama: dalili zinazomjia kwanza, kinachomtuliza, watu wa kuwapigia kwa mpangilio, na namna ya kuweka silaha mbali. Utafiti wa mwaka 2018 kwa wanajeshi wastaafu uliona kwamba waliopewa mpango huo na kufuatiliwa kwa simu walikuwa na vitendo vya kutaka kujiua vichache kwa kama asilimia 45 kuliko wasiopewa, katika miezi sita. Miongoni mwa watu wa kuwapigia aweke mwanamume mwenzake. Kinyozi wake anafaa. Kuna shirika la The Confess Project, lililoanzia Little Rock, linalowafundisha vinyozi Weusi kusikiliza wateja wenye maumivu ya moyo.

Akirudi kutoka kikao cha kwanza usimhoji alisema nini humo ndani. Mwekee chakula, muulize kama angependa kumwona tena yule mtaalamu. Akisema hapana, kesho yake asubuhi mtafute mwingine.