Mkono Bandia Unaoendeshwa na Misuli: Mambo ya Kujua



Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulionea aibu: kukatwa mkono, iwe kwa ajali au ugonjwa. Katika kazi yangu ya uuguzi, nyumbani na hapa Uingereza, nimewaona ndugu zetu wakificha kigutu mfukoni miaka mingi. Wengine huninong'oneza, "Dada, mkono haupo, lakini vidole bado navisikia vikijikunja." Wanaogopa kuambiwa wamerogwa au wamerukwa na akili.

Sivyo. Ubongo bado unatuma amri kwa mkono usiokuwepo, na amri hiyo inaweza kuendesha mkono bandia.

Unafanyaje kazi?

Jaribu sasa hivi. Shika mkono wako chini kidogo ya kiwiko, halafu kunja ngumi. Umesikia misuli ikikaza? Misuli mingi inayokunja vidole iko hapo, siyo kiganjani. Aliyekatwa chini ya kiwiko mara nyingi bado anayo.

Msuli ukikaza hutoa umeme mdogo sana. Ndani ya soketi, yaani sehemu inayovaliwa kwenye kigutu, kwa kawaida kuna elektrodi mbili zinazogusa ngozi. Moja husoma msuli wa kukunja, mkono ukafumba. Nyingine husoma msuli wa kunyoosha, mkono ukafumbua. Nguvu inatoka kwenye betri na mota.

Ufanye nini?

1. Usiache misuli ilale. Mtaalamu wako akikuruhusu, kila siku "fumba na fumbua" ule mkono usiokuwepo kwa dakika chache, kisha pumzika. Msuli uliodhoofika hutoa ishara hafifu.

2. Osha kigutu kila siku na ukikaushe vizuri. Ukiona kidonda au wekundu usioisha, vua mkono bandia na utafute ushauri.

3. Mwombe GP akupeleke kwenye kituo cha viungo bandia. Hapa kwetu kipo West Midlands Rehabilitation Centre, Selly Oak. Tangu 2022, NHS ya England inatoa pia mikono yenye mishiko ya aina nyingi kwa watakaoonekana wanafaa baada ya kupimwa. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani wakati wa kupanga miadi. Hulipii.

Usitarajie miujiza

Mkono huu kwa kawaida hausikii joto wala baridi, kwa hiyo chunga kikombe cha chai ya moto. Mingi haitaki maji: uvue kabla ya kuosha vyombo au kutawadha. Ugali utaendelea kuumega kwa mkono mzima. Wengine huona ndoano ya kuvutwa kwa kamba za begani ni nyepesi na inawafaa zaidi kazini. Hilo nalo ni chaguo zuri.

Na tafadhali, usimtumie ndugu yako nyumbani mkono wako wa zamani. Soketi hutengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na kwake inaweza kumchubua. Kama yuko Tanzania, aulizie KCMC, Moshi. Hapo ndipo kilipo chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981.

Toa kigutu mfukoni, ndugu yangu. Kazi bado kinayo.

Nawatakia afya njema.