SOMO LA WIKI: Hewa ya ukaa katika nguo na viatu, na nani alipe gharama ya kuipunguza

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayenunua vitenge, sare za shule au viatu kwa jumla huuliza mambo matatu: bei, ubora na siku ya mzigo kufika. Wanunuzi wakubwa wa Ulaya na Marekani wameongeza swali la nne: bidhaa hii imetoa hewa ya ukaa kiasi gani hadi kukamilika? Swali hilo linawahusu wenye viwanda wa Afrika Mashariki wanaouza nje, pamoja na wanaowauzia vitambaa, ngozi na soli. Somo la wiki hii linaeleza maana ya swali hilo, namna ya kulijibu kwa gharama ndogo, na tahadhari ya kuchukua kabla ya kutoa fedha.

SWALI LIMETOKA WAPI

Mwezi Desemba 2018, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu hali ya hewa uliofanyika Katowice, Poland, makampuni makubwa ya mavazi, yakiwemo H&M, Adidas na Puma, yalikubaliana kupunguza hewa ya ukaa. Mwaka 2021 lengo liliongezwa kuwa kupunguza kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Hesabu yenyewe hugawanywa katika makundi matatu. La kwanza ni mafuta, gesi au kuni unazochoma mwenyewe. La pili ni umeme unaonunua. La tatu ni mengine yote, ikiwa ni pamoja na yale yanayofanywa na wanaokuuzia. Kampuni yenye nembo haina boila wala mitambo ya kufuma, hivyo sehemu kubwa ya hesabu yake iko katika kundi la tatu. Kwa maneno mengine, kundi la tatu la mnunuzi ni kundi la kwanza na la pili la mwenye kiwanda. Ndiyo maana mnunuzi hawezi kutimiza ahadi yake bila wewe.

Viatu navyo ni hivyo hivyo. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walikadiria mwaka 2013 kwamba jozi moja ya raba za kukimbilia hutoa kilo 14 hivi za hewa ya ukaa, na zaidi ya theluthi mbili ya kiasi hicho hutokana na kazi za kiwandani. Usafirishaji na matumizi ya mvaaji vilikuwa sehemu ndogo.

MOSHI UNATOKEA WAPI

Katika kiwanda cha nguo, kusokota na kufuma hula umeme. Kuchemsha kitambaa, kutia rangi na kukausha hula joto, na joto hilo hutoka kwenye boila. Kwa hiyo swali la kwanza ni boila inachoma nini.

Kipimo cha joto ni gigajuli. Gigajuli moja ni joto la kuchoma lita 28 hivi za dizeli. Kwa kila gigajuli, makaa ya mawe hutoa kilo 95 hivi za hewa ya ukaa, mafuta mazito kilo 77, dizeli kilo 74, na gesi asilia kilo 56.

Mfano tunao hapa hapa. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Mbali na mitambo ya umeme ya Ubungo, viwanda kadhaa vya jijini, vya nguo vikiwa miongoni mwao, viliunganishwa. Kiwanda kinachoacha mafuta mazito na kutumia gesi hupunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 27 hivi kwa joto lile lile. Kilichowavuta wenye viwanda kilikuwa bei: gesi ilikuwa nafuu kuliko mafuta mazito yanayoagizwa kwa fedha za kigeni. Hewa ya ukaa ilipungua pamoja na ankara.

Viwanda vya Arusha na Mwanza havina bomba hilo. Huko njia iliyo karibu ni mabaki ya kilimo, kama pumba za mpunga, mradi upatikanaji wake uwe wa uhakika mwaka mzima. Kuni nazo hufaa endapo tu miti inapandwa upya kwa kiasi kinachokatwa.

Kwa upande wa umeme, bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Hivyo, mwenye karakana anayetegemea umeme wa gridi badala ya jenereta anapunguza sana hesabu yake.

HATUA NNE KWA MPANGILIO

Kwanza, pima. Andika kila mwezi lita za mafuta, yuniti za umeme na idadi ya bidhaa zilizotoka. Chukua mfano wa karakana inayochoma lita 20 za dizeli kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni lita 6,000. Kila lita hutoa kilo 2.7 hivi, jumla tani 16. Ikitengeneza mashati 40,000, kila shati limebeba gramu 400 hivi za jenereta pekee. Mwenye takwimu hizo anaweza kumjibu mnunuzi.

Pili, zuia upotevu. Ziba mivujo ya mvuke, funika mabomba ya moto, na rudisha kwenye boila maji yaliyotokana na mvuke yakiwa bado na joto. Maji yanayoingia kwenye boila yakiongezeka joto kwa nyuzi 6, mafuta hupungua kwa asilimia moja hivi.

Tatu, badili vifaa vidogo. Mota za kizamani za cherehani huzunguka hata fundi akiwa amesimama. Za kisasa huzunguka anaposhona tu.

Nne, na mwisho, ndipo ufikirie boila mpya au paneli za jua. Anayeanza na hatua hii hununua mtambo mkubwa kuliko mahitaji yake, kwa kuwa upotevu bado haujazibwa.

TAHADHARI KWA MWENYE MTAJI

Eneo la viwanda vya nguo la Hawassa, Ethiopia, lilizinduliwa mwaka 2016 likiwa na mitambo ya kusafisha na kutumia tena maji ya kiwandani, na umeme wa nguvu za maji. Kampuni ya PVH ya Marekani, yenye nembo za Calvin Klein na Tommy Hilfiger, ilikuwa na kiwanda huko. Novemba 2021, kutokana na vita vya kaskazini mwa nchi hiyo, ilitangaza kukifunga. Januari 2022 Ethiopia ikaondolewa katika mpango wa AGOA wa kuingiza bidhaa Marekani bila ushuru. Usafi wa eneo hilo haukumzuia mnunuzi kuondoka.

Hatua tatu za kwanza hurudisha fedha yake kwa ankara ndogo, hata mnunuzi akihama. Hatua ya nne ni mkopo wa miaka mingi. Mnunuzi anayeitaka atoe oda ya miaka kadhaa kwa maandishi, au achangie gharama. Fedha za kazi hiyo zipo: Juni 2022 taasisi ya Apparel Impact Institute ilianzisha mfuko wenye lengo la dola milioni 250 kwa ajili ya kusaidia viwanda vinavyouzia makampuni ya mavazi.

Mwekezaji mdogo anayealikwa kununua hisa za kiwanda au kuchangia mtaji wa karakana aulize haya: ankara ya nishati ni sehemu gani ya gharama zote? Hatua tatu za kwanza zimefanyika? Mkopo wa mtambo una oda gani nyuma yake? Asipopata jibu la swali la tatu, ni vema fedha yake ibaki mfukoni.