PICHA ILIYOTIKISIKA: INAWEZA KUPONA MPAKA WAPI?



Mnajua kwamba mwaka jana tulipoteza mwenzetu wa darasa. Picha yake iko moja tu, na siku ile mkono wa mwenye kuipiga ulisogea. Mama yake alituuliza: «Ninyi wenye kusoma fizike, hamuwezi kutengeneza hii picha ya mtoto wangu?» Tulienda kwa mwalimu wetu. Leo tunawaandikia mambo aliyotufundisha.

1. Ukungu unatoka wapi?

Wakati kamera inapokea mwanga, ikisogea kidogo, kila nukta ya uso inaacha mstari. Angalieni kifungo cha shati chenye kung'aa: kwenye picha kimekuwa mstari mfupi. Mistari yote iko na urefu mmoja na inaelekea upande mmoja. Ni kusema, picha haikufutwa ovyo. Iliharibika kwa kanuni, na kitu kilichoharibika kwa kanuni tunaweza kujaribu kukirudisha kwa kanuni.

2. Kazi ya chujio

Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alieleza namna mwanga unavyojenga picha katika mikroskopi. Tufanye hivi: tuweke picha kwenye filamu yenye kupitisha mwanga, tuimulike kwa leza, na mbele yake tuweke lenzi. Pale mwanga unapokusanyika, unajipanga wenyewe. Katikati kunakuja mambo makubwa ya picha. Pembeni kunakuja mambo madogo, kama unywele na ukingo wa jicho. Lenzi ya pili inarudisha vyote kuwa picha tena.

Basi, tukiweka chujio katika fasi ile ya kati, tunabadilisha picha. Kwa picha iliyotikisika, mwanga pale unapungua na kuacha michirizi ya giza yenye nafasi sawa. Mstari wa ukungu ukiwa milimita 0.5 kwenye filamu, giza linaangukia mambo madogo yenye kurudi mara 2, mara 4, mara 6 katika milimita moja, na kuendelea. Tena kati ya giza la kwanza na la pili mwanga umegeuka: palipo peupe panaonekana peusi.

Kwa hiyo chujio linazuia mwanga pale uliko mwingi na linaupitisha pale uliko kidogo. Pale ulipogeuka, tunaweka utando mwembamba wa kuuchelewesha kwa nusu ya wimbi. Mwaka 1953, kule Ufaransa, André Maréchal na Paul Croce walionyesha kwamba machujio ya namna hii yanaboresha picha. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960, na kazi ikawa rahisi zaidi. Siku hizi kompyuta inafanya hesabu ile ile, yenye kuitwa kwa jina la Mfaransa Joseph Fourier.

3. Mpaka wake

Kwenye mchirizi wa giza kabisa hakuna kitu. Kurudisha ni kugawanya, na sisi wote tunajua kwamba hakuna kugawanya kwa sifuri. Na pale mwanga uliko kidogo sana, tukiuongeza tunaongeza pia chembe za filamu na uchafu wake.

Mwalimu alifanya hesabu hiyo kwa picha ya mwenzetu. Kovu lake la shavuni lilitokea, kola ya shati pia. Macho yalibaki na ukungu. Mmoja wetu akasema: ziko programu zenye kujaza fasi tupu, tutapata macho mazuri. Tulibishana sana juu ya hiyo. Mwishoni tulikubaliana: programu ile inakisia kwa kufuata nyuso za watu wengine. Macho yangependeza, lakini hayangekuwa yake, na mama angeyaamini.

Tulimpelekea ile yenye ukungu, tukamweleza sababu. Aligusa kovu kwa kidole, akanyamaza, kisha akaifunga picha katika kitenge chake.

Zoezi: mstari wa ukungu ukiwa milimita 0.25, giza la kwanza linaangukia mambo yenye kurudi mara ngapi katika milimita moja? Leteni majibu kwetu kabla ya Ijumaa.

Kapita wa shule, darasa la 6