Mti wa Krismasi Bustanini: Ununue Desemba, Upande Machi

Desemba ikikaribia, miche iliyochongoka juu na kupanuka chini, ile wengi huiita mti wa Krismasi, huonekana kwa wingi kwa wauza miche kando ya barabara mjini Kisumu. Wakazi huinunua, huipanda mbele ya nyumba, na kufikia Machi mingine imekuwa ya kahawia. Lawama humwangukia muuzaji. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye aina ya mti au siku uliyopandwa.

Mti wa kwenye kadi za Krismasi kutoka Ulaya ni sprusi, mti wa nchi za theluji. Machipukizi yake hulala wakati wa baridi na huhitaji majuma mengi ya baridi hiyo ndipo yafunguke vizuri. Kisumu iko karibu na ikweta, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana hukaribia nyuzi 30 sehemu kubwa ya mwaka. Maji hayawezi kuchukua nafasi ya baridi. Anayeuziwa mche wa sprusi kwa bei ya juu aulize maswali kabla ya kutoa pesa.

Mche unaouzwa hapa kwa kawaida ni saipresi au araukaria. Saipresi iliyoenea Kenya asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, nayo hupenda nyanda za juu. Maseno hustawi kuliko Kondele au Nyalenda. Ina adui pia. Vidukari wa saipresi walionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 walikuwa wameingia Kenya na kukausha miti na nyua nyingi. Hujificha kwenye matawi ya ndani yenye kivuli. Ukiona majani ya ndani yanageuka kahawia, utomvu unaonata na ukungu mweusi kama masizi, chunguza hapo kwanza. Unapopunguza saipresi, kata sehemu ya kijani tu, kwa kuwa tawi likikatwa hadi penye mti mtupu halichipui tena.

Araukaria ya bustani imetoka kisiwa cha Norfolk katika bahari ya Pasifiki, na joto letu hulivumilia vizuri zaidi. Tahadhari ni moja wakati wa kununua: mche uliooteshwa kutoka tawi la pembeni hukua ukilala upande maisha yake yote. Chagua wenye kilele kilichosimama wima, wala usikikate kamwe. Mwenye kiwanja cha mchanga na mfuko mwepesi anaweza kupanda mvinje, ambao huvumilia ukame.

Sasa siku ya kupanda. Mche wa Desemba hukutana na jua la Januari na Februari kabla mizizi haijashika. Afadhali uuweke kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, uingie sebuleni siku chache za sikukuu, kisha urudi nje penye mwanga na kumwagiliwa mpaka mvua za masika zianze, Machi au Aprili.

Chimba shimo la upana na kina cha sentimita 60, ulijaze maji. Yakiwa bado yamo kesho yake, kama inavyotokea kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano, mizizi itakosa hewa. Inua tuta na upande juu yake. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa, maana mbichi huunguza mizizi. Ondoa mfuko wote, na mizizi inayozunguka kama kamba uikate. Matandazo ya nyasi yasiguse shina. Mchwa wa huku hawahitaji kualikwa mara mbili.

Mche wa leo una urefu wa goti, lakini araukaria inaweza kupita mita 30. Usiupande chini ya nyaya za umeme, juu ya bomba la maji wala karibu na tangi la maji taka, na uuweke mbali na nyumba, yako na ya jirani, kwa kuwa upepo wa mvua kutoka ziwani huangusha miti. Kiwanja kikiwa kidogo, acha mti uishi kwenye chungu kikubwa.

Ushauri wa aina inayofaa eneo lako unapatikana kwa afisa wa ugani wa wadi, au katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI) kilichoko Maseno.